Baiskeli ya umeme inazima mlimani: pima betri kabla hujanunua mota

Swali: Shikamoo mtaalamu. Niko Ipogolo, Iringa. Nina Phoenix ya inchi 28 niliyoifungia seti ya umeme gurudumu la mbele: mota ya gia ya wati 350, kontrola ya 36V inayovuta 18A, na betri ya 10S4P niliyoundiwa na fundi kwa seli za laptop. Kila asubuhi napeleka maziwa lita 40 mjini. Tambarare naenda vizuri, ila nikiushika mlima inazima ghafla na kioo cha kuonyesha mwendo pale kwenye usukani kinakuwa cheusi. Nikizima swichi ya betri na kuiwasha inarudi, na taa nne za betri zote zinawaka. Tena mvua ikinyesha mota inatetemeka wakati wa kuondoka. Fundi anasema wati 350 hazitoshi, ninunue mota ya nyuma ya 48V wati 1000 na kontrola yake, betri nibaki nayo hii hii. Nina laki nne. Ninunue nini?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Mota usinunue. Kwa jinsi ulivyoeleza, inayoshindwa mlima ni betri, na ndani ya hiyo betri huenda ni kundi moja tu la seli kati ya makundi kumi. Hiyo seti ya 48V nayo ukiiunga na betri uliyonayo haitavuka hata tuta la barabarani. Kontrola ya 48V kwa kawaida hukata umeme volti zikishuka chini ya 42 au hapo karibu, na betri yako ya 36V ikijaa kabisa ndiyo kwanza inafika 42. Laki nne ingekwisha na baiskeli isingetoka uani.

Kilichonipa jibu ni hicho kioo kuwa cheusi. Kwenye baiskeli ya umeme kuna sehemu mbili zinazoweza kukukatia umeme. Ya kwanza ni kontrola. Yenyewe hupima volti za betri nzima; zikifika kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko chake, ambacho kwa 36V mara nyingi ni 31V hivi, inaacha kulisha mota. Lakini kioo kinabaki kinawaka, na ukiachia resi kidogo mota inarudi yenyewe. Ya pili ni BMS, ile bodi ya ulinzi iliyofungwa ndani ya betri. Hiyo haijali jumla. Inaangalia kila kundi la seli peke yake, na ikiona hata moja limeshuka mno, au mkondo umezidi kipimo chake, inafunga kila kitu, kioo kikiwemo. BMS nyingi hazirudi mpaka mzigo uondolewe au uchomeke chaja, ndiyo maana wewe unalazimika kuzima swichi na kuwasha. Ingekuwa ni waya uliolegea tu, ungeona umeme unarudi wenyewe ukipita kwenye shimo au ukiitikisa betri.

Sasa tazama hesabu yake. Betri ya 10S4P ina makundi kumi yaliyofuatana (10S), kila kundi seli nne zilizoungwa sambamba (4P). Seli ya laptop iliyotumika miaka kadhaa inaweza kuwa na ukinzani wa ndani wa omu 0.1. Nne kwa pamoja ni omu 0.025, kwa hiyo ukivuta 18A kundi zima linashuka volti 0.45, jambo ambalo halina shida. Chukua basi kundi ambalo seli moja imekufa na nyingine zimechoka, ukinzani wake ukawa 0.06. Hilo linashuka volti 1.08. Likiwa limetulia kwenye 3.7V, mlimani linafika 2.62V, na BMS nyingi hukata kwenye 2.8V au chini kidogo. Yale mengine tisa yako kwenye 3.25V, betri nzima bado iko karibu na 32, kontrola haina habari. Umeme unakatika. Ukisimama, kundi lile linapumua, linarudi 3.7V, na taa nne zinawaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Zile taa zinasoma volti za betri nzima na hazijui lolote kuhusu kundi moja moja. Kwa kazi yako ni pambo tu.

Hayo bado ni dhana, sharti uyapime. Multimita ya bei ya chini inatosha.

Kwanza pima ukiwa barabarani. Unga nyaya mbili nyembamba kwenye njia kuu ya betri, chanya na hasi, ile ya chanya uitie fyuzi ya 1A karibu kabisa na betri, uzilete mpaka kwenye usukani na multimita uifunge hapo kwa mpira. Weka kwenye 200V DC. Soma ukiwa umesimama, halafu panda mlima na maziwa yako kama kawaida na uangalie namba dakika ile inapozima. Ukiwa na mtu wa kukusomea pembeni ni bora zaidi kuliko kuinamia usukani na magari ya mizigo yanakupita. Kuinua gurudumu juu na kuvuta resi si kipimo, maana mota isiyo na mzigo inavuta ampea moja au mbili tu. Ikizima wakati namba bado iko karibu 32 au zaidi, mshukiwa ni BMS na kundi dhaifu. Ikishuka polepole hadi 31 na kioo kikabaki kinawaka, betri nzima imechoka au haijajaa.

Pili, fungua betri, au mwambie fundi aifungue ukiwa umesimama hapo hapo. Vua pete, saa na mkufu. Volti 42 hazitakurusha, lakini bisibisi ikigusa ncha mbili za seli za lithiamu inayeyuka mkononi na moto unaweza kuwaka. Kwenye BMS kuna plagi nyeupe yenye nyaya nyembamba. Kwa betri ya makundi kumi huwa ni kumi na moja, au kumi ikiwa hasi kuu imeungwa kando. Pima kati ya kila waya na unaofuata, uandike namba kumi kwenye karatasi. Betri ikiwa imejaa, namba zote zinatakiwa ziwe karibu 4.15 hadi 4.2 na zisipishane zaidi ya 0.05. Kisha zipime zikiwa na mzigo. Usihangaike na baiskeli kwa hili: chukua balbu tatu za taa kubwa za gari, 12V 55W, uziunge mfululizo, zitavuta kama 4.5A kutoka betri ya 36V. Seti mbili za balbu tatu tatu zikiwa sambamba zinavuta 9A. Ziwashe dakika moja na upime tena makundi yote kumi zikiwa zinawaka. Makundi mazima yatashuka 0.2 au 0.3. Lililoharibika litashuka nusu volti au zaidi, utalijua bila kuambiwa. Balbu hizo zinachoma, ziweke juu ya tofali.

Ukiwa hapo usisahau viungio. Baada ya kupanda mlima gusa kila plagi kati ya betri na kontrola. Plagi ya moto ni plagi mbovu. Ukitaka namba, weka multimita kwenye 2V, ncha moja upande huu wa plagi na nyingine upande wa pili, huku zile balbu zinawaka. Volti 0.02 au 0.03 si neno. Ukiona 0.3 kwenye 9A, hapo kuna karibu wati tatu zinazopika plastiki, na mlimani kwenye 18A ni mara nne yake. Kata, weka plagi mpya ya aina ya XT60 au XT90 iliyochomewa risasi vizuri, yaishe. Nimeona watu wakibadilisha kontrola mbili kwa sababu ya plagi moja iliyoungua.

Wati 350 zinatosha huo mlima? Tukadirie. Wewe kilo 65, baiskeli na vyombo vyake 27, maziwa na madumu kama 42: jumla ni karibu kilo 134. Kwenye sehemu inayopanda mita 6 kwa kila mita 100, mteremko unakurudisha nyuma kwa nguvu ya nyutoni 79, na msuguano wa matairi unaongeza kama 13. Ukienda kilomita 10 kwa saa unahitaji wati 255 kwenye gurudumu; ukitaka kilomita 15 unahitaji 380. Miguu ya mtu aliyezoea baiskeli inatoa 100 bila kutweta sana. Kinachobaki mota yako inakiweza, kwa sharti kwamba usipande ukiwa umekaa tu na miguu inaning'inia. Tena hiyo 350 ni lebo. Inayoamua ni kontrola: 18A mara 36V ni karibu wati 650 zinazoingia kwenye mota. Huko Ulaya sheria inaishia wati 250 za mfululizo na kilomita 25 kwa saa, kwa hiyo utakuta mota ile ile imebandikwa 250 sokoni kwao na 350 au 500 kwingine.

Kinachoweza kukukwaza ni namna mota ilivyosukwa nyaya zake. Mota ile ile huuzwa ikiwa imeandikwa 201, 260 au 328, yaani mizunguko kwa dakika kwenye volti zake. Gurudumu lako la inchi 28 linatembea mita 2.2 hivi kwa mzunguko, kwa hiyo 201 ni kilomita 26 kwa saa na 328 ni 43. Mtu wa mzigo anachukua ile ya mwendo mdogo. Mota ya 328 ikikokota kilomita 8 kwa saa mlimani, sehemu kubwa ya umeme inageuka joto. Ukiinua gurudumu na kuvuta resi yote, kioo kitakuonyesha mwendo wake. Ukiona zaidi ya 40, basi una mota ya mbio kwenye baiskeli ya maziwa, na hapo nitakuelewa ukitaka kuibadilisha siku za mbele.

Laki nne yako nzima iweke kwenye betri. Usiigawanye. Kundi moja likiwa bovu, fundi atakwambia abadilishe seli nne tu, na inawezekana, ila seli mpya kati ya wazee tisa hufanya kundi linalofuata lianze kufa kabla mwaka haujaisha. Kwa seli za laptop mimi sirudii hiyo kazi. Zile ziliundwa kutoa ampea mbili tatu mezani, hazikuundwa kubeba maziwa mlimani.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni 10S yenye seli mpya, angalau 4P, ikiwezekana 5P, na BMS inayotoa 30A mfululizo ingawa kontrola yako inavuta 18. Uliza jina la seli, usiulize Ah (ampea-saa, yaani ujazo wake) peke yake. Samsung 35E ina 3.5Ah na inaruhusiwa 8A kila moja. 25R ina 2.5Ah lakini inaruhusiwa 20A. Kwa 4P unavuta 4.5A kutoka kila seli, zote mbili zinahimili. Ukionyeshwa seli ya 18650, yaani ya mviringo ya ukubwa huu huu, iliyoandikwa 9,900 mAh (yaani 9.9Ah), rudisha. Hakuna 18650 ya kweli inayokaribia hata 5,000. Na beba mizani: seli halisi ina gramu 45 hadi 50, kwa hiyo betri ya seli 40 lazima izidi kilo 1.8 kabla ya kasha na bodi. Ukipewa inayodaiwa kuwa 14Ah na mkononi ni nyepesi kama pakiti ya sukari ya kilo moja, ndani kuna uongo.

Njia ya pili, na ndiyo ningeichukua kwa safari yako, ni lithiamu ya chuma na fosfeti, ile inayoitwa LiFePO4. Kumi na mbili mfululizo zinatoa 38.4V, zikijaa 43.8V, na kontrola ya 36V inazipokea bila tatizo. Ni nzito zaidi kwa uwezo ule ule. Lakini hustahimili mizunguko mingi zaidi ya kuchaji, na haiwaki moto kwa urahisi kama hizi za kawaida, jambo la maana ikiwa unaichaji ndani ya nyumba wanamolala watoto. Inataka chaja yake ya 43.8V. Chaja yako ya 42V haitaiumiza ila huenda isiijaze hadi juu. Kosa la hatari ni kinyume chake, chaja ya 43.8V kwenye betri ya 10S. Ukibaki na chaja mbili nyumbani, ifunge moja kitambaa chekundu au uigawe.

Ukubwa gani? Kwa mzigo wako kadiria saa-wati 15 hadi 20 kwa kilomita, kupanda kukiwemo. Betri ya 36V 12Ah ina kama 430, usiitumie yote, hesabu 350. Hizo ni kilomita 17 hadi 23. Pima njia yako kwenda na kurudi kabla ya kulipa. Pia asubuhi za Juni na Julai huko kwenu betri iliyolala nje inaamka dhaifu, kwa sababu ukinzani wa ndani hupanda kwenye baridi. Ilaze ndani.

Kuhusu ile mota ya nyuma ya 1000, hata ukipata betri ya 48V leo, Phoenix haiipokei kirahisi. Seti zinazouzwa kama "inchi 28" nyingi ni rimu ya kipenyo cha milimita 622. Phoenix ya zamani ya 28 x 1½ ni 635. Soma ubavuni mwa tairi, namba ile imeandikwa. Tairi lako halitavaa rimu ile. Utasema basi nihamishe mota kwenye rimu yangu: hesabu spoki. Baiskeli hizi mara nyingi zina 32 mbele na 40 nyuma, mota nyingi zina matundu 36. Nafasi ya ekseli ya nyuma kwa mota za namna hii ni milimita 135, yako ni finyu zaidi. Na breki zako za fito zinabana rimu kwa upande wa ndani, wakati rimu za seti zimeumbwa kwa breki za kubana ubavuni au za diski. Kwa hiyo unanunua wati 1000 na kupoteza breki, halafu unarudi Ipogolo kwa mteremko ule. Mimi ningehakikisha kwanza breki nilizonazo zinashika vizuri, hata kabla ya kununua betri.

Kuna jambo moja la haki kwa fundi wako. Mota nyingi za 1000 hazina gia ndani, na hizo zinaweza kusaidia kupunguza mwendo wakati wa kushuka na kurudisha umeme kidogo kwenye betri, ikiwa kontrola inaruhusu. Mota yako ya gia ina klachi ya kuachia, haiwezi. Kwa mtu anayechaji chini na kushuka betri ikiwa nusu, hiyo ni faida ya kweli. Ila ina uzito wa kilo sita saba, na ikikokota mlimani polepole inachemka upesi kuliko ya gia.

Kwa kuwa mota iko mbele, angalia foko leo hii. Ekseli ya mota ina pande mbili bapa zinazoshikiliwa na nafasi ya foko. Mota ikivuta, ekseli inataka kuzunguka kinyume. Ikifaulu, inapanua foko, inasokota na kukata waya, na gurudumu linaweza kutoka ukiwa kwenye mwendo. Foko la chuma kama lako ni afadhali kuliko la alumini, lakini bado nataka uone kile kipande cha chuma cha kuzuia ekseli, kimekaa kwenye pande bapa na kufungwa kwa klampu kwenye mguu wa foko. Kama hakipo, fundi wa kuchomelea anakikata kwenye bamba la milimita 5 au 6. Nati zikaze tena baada ya wiki ya kwanza.

Kutetemeka wakati wa mvua ni ugonjwa mwingine kabisa, usiuchanganye na wa betri. Mota yako ina vihisi vitatu vinavyoiambia kontrola gurudumu liko wapi. Maji yakiingia kwenye plagi yao, ishara zinachanganyika na mota inanguruma na kutikisika badala ya kuondoka. Fungua plagi ile yenye nyaya nyembamba tano: nyekundu, nyeusi, njano, kijani, buluu. Ukiona kutu ya kijani, safisha kwa spiriti, kausha, paka grisi kidogo, na uelekeze mdomo wa plagi chini. Hakikisha pia waya unaoingia kwenye ekseli umening'inia kwanza kabla ya kupanda juu, ili matone yadondokee chini badala ya kuufuata hadi ndani ya mota. Ikiendelea, washa umeme, kati ya nyekundu na nyeusi upate karibu 5V, kisha zungusha gurudumu polepole kwa mkono ukipima kila rangi dhidi ya nyeusi. Mota za gia zina klachi, kwa hiyo lizungushe kinyumenyume. Kila moja inatakiwa ipande karibu 5 na kushuka karibu 0 kwa zamu. Ile inayobaki imeganda ndiyo imekufa.

Wakati unatafuta betri maziwa lazima yafike. Kama kioo chako ni KT-LCD3, ingia kwenye mipangilio ya C, tafuta C5. Ikiwa 10 ni mkondo wote. Ikiwa 3 ni kama nusu. Iweke 3, ondoka kwa miguu kabla ya kugusa resi, na kanyaga mlima wote. Utafika polepole, lakini kwa 9A lile kundi dhaifu lina nafasi ya kubaki juu ya kiwango cha kukata. Usiichaji hiyo betri usiku mkiwa mmelala. Ukishaandika zile namba kumi, za betri ikiwa imetulia na za balbu zikiwaka, nitumie zote kabla hujamlipa mtu.